Tui la nazi na makala za wataalamu: namna ya kusoma utafiti wa lishe

Mama mmoja wa Shela, hapa Malindi, aliniletea simu yake baada ya alasiri ili nimsomee ujumbe aliotumiwa na binti yake. Ujumbe ulidai kwamba wanasayansi wamethibitisha kuwa nazi huziba mishipa ya moyo, na kwamba anayepika wali wa nazi kila siku anajichimbia kaburi. Chini yake palikuwa na ujumbe wa pili, kutoka kwa mpwa wake, uliodai kwamba wanasayansi hao hao wamethibitisha kuwa mafuta ya nazi huponya moyo, kisukari na usahaulifu wa uzeeni. "Mwanangu," aliniuliza, "nishike lipi? Baba watoto ana presha, na mimi tangu nilipofunzwa kupika sijaepua mchuzi wa samaki bila tui."

Swali lake ni la haki, na jibu lake halimo katika ujumbe wowote kati ya hizo mbili. Limo katika makala za kitaalamu zenyewe, ambazo mtu aliyemaliza sekondari na mwenye subira anaweza kujifunza kuzisoma bila kuwa daktari. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikizisoma pamoja na wahudumu wa afya ya jamii na walimu wa hapa mjini, na nimeona kwamba kinachowashinda wengi si ugumu wa maneno bali ni kutojua waanzie wapi. Katika mwongozo huu nitalishika swali la tui tangu mwanzo hadi mwisho, nikiazima mifano mingine pale inapohitajika.

Anza kwa kulinyoosha swali

"Nazi ni nzuri au ni mbaya?" ni swali lisilojibika, na hakuna mtafiti makini anayeliuliza hivyo. Kabla ya kufungua makala yoyote, andika kwenye karatasi mambo manne: ni nani anayekula, anakula nini na kwa kiasi gani, anakula badala ya nini, na madhara au manufaa yatapimwa kwa kitu gani. La tatu ndilo linalosahaulika zaidi, nalo ndilo lenye uzito mkubwa kuliko yote. Mtu anayeacha mchuzi wa tui akala samaki wa chukuchuku hafanyi badiliko sawa na yule anayeacha tui akakaanga samaki huyo huyo kwa mafuta ya mgando, wala na yule anayetumia mafuta ya alizeti. Tumbo halibaki tupu. Ukitoa kitu, kingine huingia mahali pake, na utafiti wa lishe ambao hauelezi kilichoingia ni kipi haujakwambia jambo.

La nne nalo linahitaji uangalifu. Utafiti mmoja unaweza kupima kolesteroli katika damu baada ya wiki nane, mwingine ukahesabu waliopata mshtuko wa moyo katika miaka kumi. Kolesteroli ni dalili inayoashiria hatari, ilhali mshtuko wa moyo ni hatari yenyewe iliyotimia. Vyote viwili vina faida kwa msomaji, lakini hupaswi kusoma cha kwanza ukatangaza cha pili.

Kuitafuta makala na kuifungua mahali panapofaa

Hifadhidata ya PubMed, inayoendeshwa na maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, hutafutwa bila malipo, na hifadhi ya maktaba hiyo hiyo iitwayo PubMed Central huweka makala nzima ambazo yeyote anaweza kuzisoma. Tafuta kwa Kiingereza, na uongeze jina la kisayansi la mmea unaouchunguza. Mnazi, kwa mfano, ni Cocos nucifera. Walio katika vyuo na hospitali waulize kama taasisi yao imejisajili katika Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002 ili kuzifungulia nchi zenye kipato kidogo majarida yanayolipiwa. Ikiwa makala imefungwa, mwandikie barua pepe mwandishi ambaye anwani yake imechapishwa humo. Waandishi wengi hufurahi kusomwa, nao hutuma nakala.

Makala ya utafiti kwa kawaida huwa na ikisiri, utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala na hitimisho. Wengi husoma ikisiri kisha wakarukia hitimisho, na hiyo ndiyo njia ya magazeti. Mimi humshauri msomaji asome ikisiri mara moja tu ili ajue makala inahusu nini, kisha aende moja kwa moja kwenye mbinu, na asisome mjadala hata kidogo mpaka awe ameyatazama majedwali ya matokeo kwa macho yake mwenyewe. Mjadala ni mahali ambapo waandishi huyafasiri waliyoyaona, na fasiri ya mwenye mali huwa na upole kwa mali yake.

Ni utafiti wa aina gani?

Katika mbinu, jambo la kwanza kulitafuta ni kama watafiti waliwatazama watu tu, au waliwapangia la kufanya. Tofauti hii ndiyo nguzo ya usomaji wote.

Mwaka 1981 ulichapishwa utafiti kuhusu wakazi wa Pukapuka na Tokelau, visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Watu wa Tokelau walipata takriban asilimia 63 ya nishati yao kutoka kwenye nazi, na wa Pukapuka takriban asilimia 34. Kolesteroli ya watu wa Tokelau ilikuwa juu zaidi, lakini maradhi ya mishipa ya damu yalikuwa machache katika jamii zote mbili. Wauzaji wa mafuta ya nazi huutaja utafiti huu kila uchao. Sasa usome mbinu zake: watu walitazamwa walivyokuwa wakiishi, hakuna aliyepangiwa chakula. Wakazi hao walikula samaki kwa wingi, walikula vyakula vichache mno vya viwandani, na maisha yao yalikuwa ya kazi za mikono. Je, mioyo yao ililindwa na nazi, au ililindwa na hayo mengine licha ya nazi? Utafiti wa aina hii hauna uwezo wa kuvitenganisha, hata ukifanywa kwa uaminifu wote. Mambo yanayotembea pamoja na chakula kinachochunguzwa na kuuchafua uhusiano huitwa vichanganyaji, na katika lishe vimejaa tele kwa sababu anayekula vizuri aghalabu pia halali njaa, havuti sigara na hukimbilia zahanati mapema.

Dawa ya vichanganyaji ni kura. Watafiti wakiwagawa watu katika makundi mawili kwa bahati nasibu, wavutaji wa sigara, wazee, maskini na wavuvi huangukia pande zote mbili kwa kadiri zinazokaribiana, na tofauti itakayoonekana mwishoni inaweza kuhusishwa na chakula kwa ujasiri zaidi. Faida yake ilidhihirika kwa uchungu mwaka 1994. Kabla ya hapo, tafiti nyingi za kuwatazama watu zilionyesha kwamba wanaokula matunda na mboga zenye betakarotini, ile rangi ya karoti na maembe, hawapati sana saratani ya mapafu. Nchini Finland wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara waligawanywa kwa kura, baadhi wakapewa vidonge vya betakarotini na wengine wasipewe. Waliomeza vidonge hivyo walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Embe lina mamia ya vitu na kidonge kilikuwa na kimoja, na walaji wa maembe hawakuwa watu wale wale na wasioyala. Tangu nilipousoma utafiti huo, sijamshauri mtu kumeza kirutubishi kwa sababu tu wanaokila katika chakula wana afya njema.

Hata hivyo, majaribio ya kura katika lishe yana shida zake. Huwezi kumficha mtu kwamba anakula wali wa nazi kama unavyoweza kumficha kidonge chenye dawa na kisicho na dawa; harufu peke yake itamwambia. Watu huchoka na chakula walichopangiwa, na wengi huacha. Ndiyo maana majaribio mengi ni mafupi na yana watu wachache, na uchache pekee si aibu. Mwaka 2019 watafiti nchini Marekani waliwaweka watu 20 katika kituo cha utafiti kwa wiki nne, wiki mbili wakila vyakula vilivyosindikwa mno na wiki mbili vyakula visivyosindikwa hivyo, kila mmoja akila apendavyo. Walipopewa vya viwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku. Watu 20 ni wachache, lakini kila sahani ilipimwa, na kila mtu alilinganishwa na nafsi yake. Utafiti huo unakwambia mengi kuhusu wiki mbili, na haukwambii lolote kuhusu miaka kumi.

Chakula kilipimwaje?

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo tafiti nyingi za lishe zinapovuja, na ndipo msomaji wa pwani anapoweza kuona asiyoyaona profesa wa mbali.

Zipo njia tatu zinazotumika sana. Ya kwanza ni kumwuliza mtu kila alichokula katika saa 24 zilizopita. Ya pili ni dodoso linalouliza ni mara ngapi kwa wiki au kwa mwezi anakula vyakula fulani. Ya tatu ni shajara, ambapo mtu huandika au hupima kila alacho kwa siku kadhaa. Zote hutegemea kumbukumbu na ukweli wa mlaji, na watafiti waliolinganisha majibu ya watu na nishati ambayo miili yao ilitumia kwa hakika, wakitumia maji yenye atomi zilizotiwa alama, wameona mara nyingi kwamba watu husema pungufu ya walivyokula.

Niliwahi kuketi katika ua wa nyumba moja mtaa wa Maweni nikimtazama kijana aliyekuwa akijizoeza kuhoji. Mwenye nyumba alikuwa amekuna nazi mbili kwenye mbuzi, akachuja kwa kifumbu, akaliweka kando tui la kasimele, yaani lile zito la kwanza, kisha akaongeza maji akachuja tui la pili na la tatu ambayo ndiyo aliyopikia wali. Kasimele akaitia katika mchuzi mwishoni. Wali ukapakuliwa kwenye sinia moja, wakaula baba, bibi na watoto watatu. Dodoso la kijana liliuliza: "Ulikula vikombe vingapi vya wali wa nazi?" Bibi akajibu kwa upole kwamba yeye alikula upande wake. Kijana akaandika vikombe viwili.

Tazama ni mambo mangapi yamepotea katika jibu hilo. Nazi zilikuwa mbili, lakini moja ilikuwa imekomaa barabara na nyingine ilikuwa na ukoroma, na dodoso halikuuliza. Mafuta mengi yalikuwamo katika kasimele, ambayo haikwenda kwenye wali bali kwenye mchuzi. Bibi hula kidogo, na mtoto wa miaka minne alisukumiwa minofu ya samaki na kila mtu. Watafiti hodari wanaofanya kazi katika jamii zinazokula pamoja hupima chungu kabla na baada ya kupakua, huonyesha picha za ujazo mbalimbali, hurudia mahojiano siku nyingine, na hutumia jedwali la virutubisho vya vyakula vya nchi husika. Kenya inalo lililotolewa mwaka 2018. Basi unaposoma makala, uliza: je, wameeleza walivyofanya haya? Na je, walihoji lini? Atakayehoji Malindi katika Ramadhani atakuta tende, kaimati na uji ambavyo hatavikuta Shawwal, na atakayehoji wakati wa kusi, bahari inapochafuka, atadhani watu wa pwani hawali samaki.

Tarakimu zisikutishe

Kaskazini mwa mji wetu, kuelekea Gongoni, kuna mashamba ya chumvi, na kwa hiyo nitatumia chumvi kueleza tarakimu. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa katika vijiji 600 vya China, likiwa na watu 20,995 waliowahi kupata kiharusi au waliokuwa na umri wa miaka 60 na zaidi wenye shinikizo la damu. Vijiji viligawanywa kwa kura: nusu walipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa kloridi ya potasiamu, nusu wakaendelea na chumvi ya kawaida. Kiharusi kilipungua kwa asilimia 14.

Asilimia hiyo ni ya ulinganisho, nayo peke yake haitoshi. Tafuta idadi halisi iliyo nyuma yake. Katika kila watu 1,000 waliofuatiliwa kwa mwaka, viharusi vilikuwa takriban 34 kwa chumvi ya kawaida na takriban 29 kwa chumvi mbadala. Tofauti ni watu wanne au watano kwa kila elfu kwa mwaka, jambo kubwa kwa watu ambao hatari yao iko juu hivyo, na jambo dogo kwa kijana mwenye afya ambaye hatari yake ya kuanzia ni ndogo mno. Ukikuta kichwa cha habari chenye asilimia bila kukwambia ni asilimia ya nini, ujue hujaambiwa bado.

Tarakimu ya pili ya kuizoea ni masafa ya uhakika, yaani tarakimu mbili zinazoandikwa pembeni ya jibu kuonyesha jibu la kweli linaweza kuwa kati ya wapi na wapi. Masafa yakiwa mapana, utafiti haujui mengi. Yakivuka mstari wa kutokuwepo tofauti, haujui hata mwelekeo.

Ya tatu ni thamani ya p, na hii ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote. Kwa desturi, ikiwa chini ya 0.05 matokeo huitwa yenye maana kitakwimu, kumaanisha kwamba kama kusingekuwa na tofauti yoyote, matokeo kama hayo au makubwa zaidi yangetokea kwa bahati tu chini ya mara moja kati ya ishirini. Lakini ukipima vitu vingi, bahati hupata nafasi nyingi. Mwaka 2015 mwandishi wa habari John Bohannon alishirikiana na wenzake kufanya jaribio la makusudi nchini Ujerumani: waligawa watu 15 katika makundi matatu, wakapima vitu 18, na wakapata, kama walivyotarajia, kwamba chokoleti husaidia kupunguza uzito. Kwa vipimo 18, uwezekano wa angalau kimoja kuonekana kina maana kwa bahati tupu ni takriban asilimia 60. Jarida lililotoza ada liliichapisha makala yao, na magazeti ya nchi nyingi yakaieneza kabla hajafichua alichokifanya. Kwa hiyo hesabu vipimo vilivyofanyika, na uangalie kama watafiti walitangaza kabla ya kuanza ni kipimo kipi kitakachotoa uamuzi.

Fedha, na makosa yaliyosahihishwa

Mwishoni mwa makala huandikwa aliyetoa fedha. Mwaka 2016 nyaraka za kale zilifichua kwamba katika miaka ya 1960 chama cha wenye viwanda vya sukari nchini Marekani kiliwalipa watafiti wa Harvard waandike mapitio, yaliyochapishwa 1967, yaliyopunguza lawama ya sukari na kuielekeza kwa mafuta, bila msomaji kuambiwa. Fedha za kiwanda hazibatilishi utafiti, lakini zinakulazimu kusoma mbinu mara mbili.

Angalia pia kama makala imeondolewa. Jaribio maarufu la Hispania kuhusu mlo wa Mediterania, lenye watu 7,447, lilichapishwa mwaka 2013 na likaondolewa na waandishi wenyewe mwaka 2018, baada ya kubainika kwamba kura haikufuatwa sawasawa katika baadhi ya vituo, ikiwemo kuwapa watu wa nyumba moja mlo mmoja. Walilichambua upya na kulichapisha tena kwa maneno ya tahadhari zaidi. Mimi huliheshimu zaidi kwa hilo, lakini anayenukuu toleo la 2013 pekee hajafanya kazi yake.

Kurudi kwa tui

Makala moja haitoshi, kwa hiyo hatua ya mwisho ni kutafuta uchambuzi unaojumlisha tafiti nyingi. Mwaka 2020 ulichapishwa mmoja uliokusanya majaribio 16 ya mafuta ya nazi dhidi ya mafuta mengine ya mimea yasiyo ya nchi za joto. Mafuta ya nazi yalipandisha kolesteroli mbaya, ile ya LDL, kwa takriban miligramu 10 kwa desilita, masafa yake yakiwa kati ya 3 na 18, na yakapandisha ile nzuri kwa takriban 4. Weka sasa yale mambo manne mezani. Kilicholiwa ni mafuta yaliyokamuliwa, si tui. Yalilinganishwa na mafuta ya maji, si ya mgando. Kilichopimwa ni damu, si mshtuko wa moyo. Ujumbe wa binti umevuka utafiti, na wa mpwa umeuacha kabisa.

Nilimweleza mama hivyo, nikamwambia kwamba sioni katika tafiti hizo sababu ya kulitupa tui lake, ila ya kutokaangia mafuta ya nazi kila siku, na kasimele aitie kwa kiasi. Kuhusu presha ya mumewe, nilimwambia kwamba ushahidi wenye nguvu zaidi niliousoma unahusu kitu kingine kilichomo katika chungu hicho hicho, yaani chumvi. Chumvi yenye potasiamu asimpe kabla daktari hajampima figo, kwa kuwa figo mbovu hushindwa kuitoa potasiamu. Kupunguza chumvi ya kawaida anaweza kuanza mwenyewe. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai.

Akaniita jikoni tukaangalie. Wali wa watu watano, na wawili kati yao ni watoto, hutiwa vijiko vitatu, na mchuzi ulikuwa haujaguswa bado. Alitia viwili, akakitazama cha tatu kwa muda, kisha akakirudisha katika kopo.